Pete ya Kufuli

Mama yangu hajawahi kuvaa hata kibanio cha nywele chenye ua. Sisi ni watu wa Sabato, na kwetu, huko juu ya Oyugis, mapambo yalitajwa kwa sauti ile ile ya kutaja pombe. Nilipokuwa msichana, mke wa kijana mmoja alikuja kanisani na hereni, punje mbili tu za kitu kinachong'aa. Mama akainuka, akamshika mkono taratibu, wakatoka nje. Waliporudi masikio ya yule dada yalikuwa matupu na macho yake mekundu. Mama akaketi, akafungua kitabu cha nyimbo na kuimba. Hakuona kwamba amefanya jambo baya, na sidhani alikuwa na nia mbaya.

Basi fikiria mambo yalivyokuwa mimi, kifungua mimba wake, nilipoanza kujifunza kutengeneza pete.

Sikwenda Migori kwa ajili hiyo, tusidanganyane. Nilikwenda kuuza mitumba, na mitumba ikaniangusha chali. Nikawa nazurura sokoni nikitafuta cha kufanya, mtu mzima, hasira puani. Nyuma ya wauza nyanya palikuwa na fundi mmoja wa makamo. Zamani alikuwa akichonga funguo na kutengeneza makufuli. Halafu akaenda Nairobi, akakaa huko miaka, akarudi na kazi nyingine: vikuku, hereni na pete za brasi, ile shaba ya njano, za mitindo hii ya sasa inayopendwa na vijana. Brasi yenyewe aliitoa kwenye makufuli mabovu na koki za maji zilizokufa. Alizivunja kwa nyundo, akaziyeyusha, akazimimina kwenye mchanga, na siku ya pili zilikuwa kitu cha kuvaliwa harusini. Nilisimama pale mpaka akakasirika.

"Unanunua ama unanizibia mwanga?"

"Fundi, hii kazi mwanamke anaweza?"

"Kazi anaweza. Shida yako ni mdomo, huo nausikia kila siku kutoka hapa ukigombana na wenye nyanya. Ukiweza kuufunga, njoo kesho."

Nikaja kesho yake. Mdomo haukufungika, lakini alinizoea.

Kitu cha kwanza alichonifundisha kilikuwa kukata. Mimi nilitaka moto, nilitaka kung'arisha, nilitaka kuona kitu kizuri mkononi jioni hiyo hiyo. Yeye akanipa msumeno mdogo wa fremu, na bledi nyembamba kama uzi wa cherehani. Meno yaangalie chini. Ipake nta ya mshumaa. Keti, kaza kiwiko, tembeza juu chini, na usisukume. Nilisukuma, bila shaka. Bledi zilikatika moja baada ya nyingine, nyingine zikanirukia usoni, mpaka akaanza kuzificha kwenye kopo la majani chai. "Wewe unapigana na brasi," aliniambia. "Yenyewe haina habari na wewe. Acha meno yaitafune." Nilikata mistari iliyonyooka hadi nikaota mistari. Shingo ilikuwa inaniuma, kidole gumba kimechanika, na bado alikuwa anasema, "Tena."

Baada ya msumeno ikaja tupa, na baada ya tupa ndio moto. Brasi ukiigonga sana inakuwa ngumu, haikubali kukunjwa, inaweza hata kupasuka. Unaipitisha motoni mpaka iive kidogo, unaizimisha majini, na inarudi kuwa laini. Lakini ukizembea tu, ukitazama pembeni kumjibu mtu, kingo zinalegea na kazi yako ya siku nzima inajikunja na kuanguka mbele ya macho yako. Lo! Nilizilaani pete hizo kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Kisha kuunganisha: lehemu, na unga wa boraksi ambao tulinunua kwa wachimba dhahabu, kwa sababu Migori boraksi haikosi. Ncha mbili lazima zikutane kabisa. Fundi alikuwa akiinua pete kwenye mwanga, na akiona hata mstari wa mwanga ukipita kwenye maungio anairudisha. "Lehemu haizibi pengo," alisema. "Inaunganisha vilivyogusana tu." Ukimaliza, kitu kinatoka motoni cheusi, kibaya, utadhani umekiokota jalalani. Unakitia kwenye maji moto ya limau na chumvi, unasubiri, unakitoa, unakisugua kwa msasa, na hapo ndipo njano inapotokea.

Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nasema wazi kwa sababu baadaye kuna watu waliotaka nijute.

Mama alijua kwa sababu ya kovu. Nilikuwa nimekuja nyumbani, naosha vyombo, akaona alama ya moto mkononi mwangu na kuuliza ni ya nini. Ningeweza kumwambia nachomelea madirisha. Sikumwambia hivyo, sina tabia ya kujificha.

"Unatengeneza vitu vya kumfanya mtu ajione," akasema.

"Mama, ni chuma tu."

"Hata yule ndama wa jangwani alikuwa chuma tu."

Hapo aliniziba mdomo, na hilo si jambo rahisi. Akapanga sheria papo hapo: nyumbani nitakuja, mimi ni mtoto wake, lakini hakuna hata kipande kimoja cha hizo takataka kitakachopita lango lake. Nilikubali kwa kelele. Tangu siku hiyo nilikuwa navua vikuku vyangu stendi ya Oyugis na kuvitia kwenye soksi.

Sasa, mdogo wangu hakuwa kama mimi. Tulikuwa wawili tu tuliobaki kwa Mama. Mimi nikichapwa nilikuwa nalia hadi majirani watoke. Yeye alikuwa anaenda nyuma ya ghala na kukaa mpaka alama ziishe, halafu anarudi akitabasamu na kuuliza kama kuna kuni za kuokota. Alikuwa anakubali kila kitu. Ukimwambia hivi, anasema sawa. Kisha anakwenda kufanya lake kimya kimya, na hakuna anayeumia. Ndivyo alivyoamini, kwamba ukificha vizuri hakuna anayeumia. Nilimbeba mgongoni huyo, na mpaka amekuwa mtu mzima nilikuwa bado namfokea kama mtoto.

Akapata mume kutoka Lambwe, mkulima, mtu mpole anayenunua na kuuza ng'ombe mpaka mnada wa Ogwedhi. Mkatoliki. Mama alimeza hilo kwa shida, mahari ikaja, akaipokea. Lakini yule kijana alitaka harusi ya kanisani, kanisani kwao, yenye pete. Siku wakwe walipokuja kulizungumza, Mama aliwawekea chakula, akawaombea, kisha akasema mbele yao wote:

"Pete ni desturi yenu, siwakatazi. Mwanangu hatavaa."

Wageni wakatazama sahani zao. Mdogo wangu alikuwa anamimina maji ya kunawa. Akasema, "Sawa, Mama."

Haikupita wiki nikapokea bahasha kutoka stendi. Ndani kulikuwa na kipande cha uzi mweusi chenye fundo. Akapiga simu akinong'ona.

"Nimepima kidole. Nilijifungia chooni."

"Na ulimwambia Mama sawa!"

"Nataka ya mkono wako, siyo ya dukani. Tafadhali, dada. Nikiwa kwa mume wangu nitaivaa. Nikija kwa Mama nitaivua. Shida iko wapi?"

Alichotaka kilikuwa hicho tu: awe mke wa mume wake kule, na awe mtoto wa Mama huku, asimpoteze hata mmoja. Na mimi ndiye niliyekuwa na msumeno.

Nilimpelekea fundi ule uzi. Aliushika kwa vidole viwili kama anayeshika mjusi.

"Alipima saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Kwenu asubuhi kuna baridi?"

"Kule juu? Sana."

"Kidole cha baridi ni chembamba. Tena uzi unakaza. Mwambie apime kwa karatasi, mchana, na apime pale kwenye kiungo, kwa sababu pete lazima ipite hapo."

Nilimpigia. Mama alikuwa karibu, nikamsikia akiita kuku. Mdogo wangu akasema kwa sauti ya juu, "Ndiyo, nitakununulia hizo ndizi," akakata. Basi nikaongeza nafasi kidogo kwa kukisia, nikaendelea.

Nilichagua kufuli kubwa, la mtu aliyefunga posho mill yake ya kusaga mahindi akaondoka. Nilitaka brasi nzito, yenye historia ya kubeba uzito. Niliikata, nikaipasha, nikaikunja kwenye chuma cha kupimia kwa nyundo ya mbao, nikaiunganisha kwa lehemu, na fundi alipoinua kwenye mwanga hakuona kitu. Aliizungusha mara kadhaa. "Nene," alisema. Nilidhani ananisifu.

Mdogo wangu alikuja Migori akidai amekuja kununua kitambaa. Tulikuwa chumbani kwangu. Ikapita kiungo kwa kulazimisha, akakunja uso, kisha akacheka.

"Haitoki!"

"Lete niipanue."

"Hapana, iache. Nikiwa naiweka mfukoni itadondoka, ikilegea kidoleni itadondoka. Sitaki ipotee."

Nikaiacha, tukaitoa kwa sabuni. Unajua, katika ukoo wetu wote hakuna mtu aliyewahi kuvaa pete. Bibi hakuvaa, Mama hakuvaa, shangazi hakuna. Watoto wa watu wengine wanakua wakimwona mama yao akiizungusha akiwa na mawazo, akiivua kukanda unga, akilalamika jua likiwaka kwamba inambana. Wanajua bila kufundishwa kwamba kidole kinakua na kupungua. Sisi tulidhani kidole ni kidole. Mimi ninayejiita fundi, niliambiwa na bado sikuelewa.

Mama hakuja harusini. Mimi nilikwenda, na bwana harusi alipomvisha ile pete nililia kama mjinga, mpaka mwanamke wa karibu akanipa leso. Ilikuwa inaonekana kutoka viti vya nyuma.

Kwa muda mambo yalikwenda alivyopanga. Alipokuwa akija kumwona Mama alikuwa anaitoa kwa sabuni kwenye beseni la hoteli moja ya Oyugis, mimi nikimshikia mkoba na kumtania kwamba amekuwa mwizi wa mali yake mwenyewe. Kisha akapata mimba. Mama mkwe wake alikuwa amekufa zamani, mume siku nyingi yuko minadani, kwa hiyo miezi ya mwisho ikaamuliwa akae kwa Mama. Alipofika Oyugis siku hiyo, sabuni haikusaidia. Akanunua plasta dukani, akafunika pete, akaingia nyumbani.

"Nilijikata nikipara samaki," alimwambia Mama.

Nilikwenda kuwaona, sikumbuki ilikuwa wiki ya ngapi ya plasta. Tulikuwa jikoni, Mama ameenda kisimani. Nikamwambia nionyeshe. Akafungua. Yawa! Pete ilikuwa imezama. Nyama ilikuwa imepanda juu yake pande zote, na kidole kilikuwa kinang'aa. Nikatazama mkono wa pili, nao ulikuwa umejaa. Nikatazama miguu, kandambili zimeacha alama za mikanda.

"Umevimba hivi tangu lini?"

"Wajawazito wanavimba. Mama mwenyewe anasema."

"Amekuona mikono?"

Akajifunga plasta tena kwa meno.

"Kesho twende Migori nikate."

"Ukate?"

"Pete, mjinga wewe, siyo kidole!"

Alicheka, halafu akashika paji la uso kwa sababu kucheka kulimuumiza kichwa. Akasema ni jua tu. Akasema muda umebaki kidogo, akishazaa anarudi Lambwe, na kule hakuna wa kumficha. Nilikasirika, nikamwambia amwambie Mama leo hii, mambo ya kitoto yaishe. Akanitazama kwa yale macho yake ya upole yaliyonichosha maisha yangu yote.

"Mwambie wewe basi."

Mama akaingia na ndoo ya maji kichwani. Mdogo wangu akauingiza mkono ndani ya leso aliyojifunga. Mama akauliza mbona tumenyamaza, na mimi, mwenye mdomo unaosikika sokoni, nikasema tulikuwa tunaongea habari za bei ya vitunguu.

Siku Mama aliponipigia nilikuwa nimekaa mbele ya jiliwa, kile chuma cha kubania kazi, natia tupa kikuku. Hakunisalimia.

"Mdogo wako ameanguka. Mwili wote ulitetemeka, macho yakageuka. Tumeletwa Homa Bay, hospitalini."

Nikasimama. Fundi naye akasimama.

"Kuna pete kwenye kidole chake," Mama akasema. Sauti yake haikuwa na kitu chochote ndani. "Kidole kinakufa. Wamejaribu na chombo chao, ni kidogo, hii ni nene. Leta msumeno wako."

Tangu siku ya kovu, Mama hakuwa ametaja kazi yangu hata kwa jina la chombo kimoja. Fundi aliniwekea bledi kwenye kopo la majani chai, zote alizokuwa nazo, na kipande cha mshumaa.

Nilipofika wadini nilimpita. Nilitafuta uso wa mdogo wangu vitanda vyote kabla sijaelewa kwamba ule uso uliojaa, wenye midomo iliyofura, ndio wenyewe. Alikuwa amelala kwa dawa za kuzuia degedege. Daktari aliniambia haraka haraka kwamba damu yake imepanda vibaya mno, hiyo presha ya mimba, na kwamba wanamtayarisha apasuliwe mtoto atoke. Muuguzi alikuwa amejaribu mafuta na akajaribu kuzungusha uzi. Kidole kilikuwa rangi ya zambarau.

Pete nene huwezi kuikata mahali pamoja ukaifungua kwa mkono. Haifunguki. Lazima uikate pande mbili, itoke vipande. Muuguzi alipenyeza kibati chembamba kati ya pete na nyama, nyama ikatoa maji. Mama alikaa upande wa pili wa kitanda. Nikamwambia ashike mkono, aulaze, usitikisike. Akaushika kwa mikono yake yote miwili. Nikatia nta kwenye bledi na kuanza.

Sikusukuma. Mungu ni shahidi, hapo sikusukuma. Vumbi la njano lilianguka kwenye shuka na kwenye vidole vya Mama. Bledi moja ilikatika, nikaweka nyingine. Mama alikuwa anasema, "Mos, mos," pole pole, na sijui alikuwa akimwambia nani kati yetu. Upande wa kwanza ukaachia. Tukageuza mkono. Nilikuwa nawaza mambo ya kipuuzi, kwamba mkato umenyooka, kwamba fundi angeupenda. Upande wa pili ukaachia na vipande vikadondoka. Chini yake palikuwa na mfereji mweupe uliozunguka kidole, na tukiwa tunatazama, weusi ulianza kulegea na rangi ya damu ikarudi kutoka chini.

"Kidole kimepona," muuguzi akasema.

Nilifurahi. Hilo ndilo linalonitia uchungu mpaka leo, jinsi nilivyofurahi. Nilimtazama Mama nikiwa natabasamu, na nadhani yeye pia alikuwa karibu kutabasamu. Kisha wakaja na machela kumpeleka kupasuliwa.

Mtoto alitoka mzima, msichana, mdogo sana, akilia. Mama yake hakuamka. Damu ilikuwa imemvujia kwenye ubongo. Alikufa siku iliyofuata mchana, jua likiwa kali nje, watu wakiuza matunda langoni.

Tulikaa kwenye benchi, Mama na mimi. Mume wa mdogo wangu alikuwa amekwenda kando, amegeukia ukuta. Daktari alikuja kutuambia pole, akauliza taratibu kama tulikuwa tumeona mikono na uso vikivimba kabla, na kama alilalamika kichwa. Mimi nikasema ndiyo, kichwa. Daktari alipoondoka Mama akaanza kuongea akiutazama ukuta wa mbele.

"Kliniki walimwuliza. Siku ile nilimsindikiza. Yule nesi alimwuliza, vidole vinavimba? Pete inakubana? Mimi nilikuwa nimekaa hapa, yeye hapa. Akasema, 'Hapana, mimi sivai pete.' Akaweka mkono chini ya kitabu cha kliniki." Akageuza mkono wake, akautazama. "Nikafurahi. Nikasema moyoni, nimelea vizuri."

Nilikuwa na maneno, na yalikuwa makali. Nilikuwa nimeyaandaa tangu nikiwa mdogo, kuanzia siku ya zile hereni za kanisani, na hapo palikuwa mahali pake. Lakini mimi nilikiona kidole jikoni nikaongea habari za vitunguu. Nikayaacha, tukakaa.

Watu walikutana nyumbani kwa Mama kupanga maziko. Angezikwa Lambwe, kwa mume wake, hilo halikuwa na mjadala. Mume akasema jambo moja tu, kwamba anaomba mke wake azikwe na pete. Mzee wa kanisa letu, mtu mzuri aliyetuletea hema na viti, akamjibu kwa heshima kwamba anaelewa uchungu wake, lakini marehemu alikulia katika imani hii, na jeneza litafunguliwa mbele ya washiriki, na kwetu mwili hauvishwi mapambo. Mume akainamisha kichwa. Kila mtu akamgeukia Mama.

Mama hakuwatazama. Alinitazama mimi.

"Vile vipande unavyo?"

"Ninavyo."

"Viunganishe. Ipanue."

"Mama," mzee akaanza, "labda tuombe kwanza..."

"Jaduong', tulia," Mama akasema. "Mtoto wangu alikuwa anavaa pete."

Mtoto akalia ndani, na Mama akainuka kwenda kumchukua.

Nilirudi Migori na vipande viwili ndani ya karatasi. Fundi alinipisha kwenye kiti chake. Kupanua pete iliyokatwa mara mbili kunahitaji viraka viwili, na kufuli lile lilikuwa bado lina makombo kwenye sanduku. Nilipima, nikakata, nikatia tupa ncha nne na viraka vyake mpaka mwanga haukupita popote. Nililia baadaye, kwenye maji ya limau, nikisubiri weusi utoke. Fundi alisimama mlangoni akiwazuia wateja, akiwaambia leo hatufungui.

Kule mochari ya Homa Bay tuliingia watatu: Mama, mimi, na mume wa marehemu. Walikuwa wamemvisha gauni jeupe. Mume alinyoosha mkono kuchukua pete, lakini hakuweza, akarudi nyuma. Nikataka kumvisha mimi. Mama akafungua kiganja chake.

Nikampa. Hakujua kuishika. Aliishika kwa vidole vyote, kwa uzito, akainua mkono wa mwanawe na kuiingiza. Ilipita kiungo bila kusukumwa, ikakaa mahali pake.

"Haimbani?" akauliza.

"Haimbani, Mama."

Akainama karibu, akatazama pale ngozi inapokutana na brasi, upande huu na upande ule. Kisha akaniambia niizungushe kidogo, nihakikishe.